Usipake rangi juu ya kuvu

Leo naomba tutoke kanisani tuingie chumbani kwako. Sogeza kabati lililoegemea ukuta wa nje. Inua godoro uangalie upande wa chini. Tazama pembe ya dari juu ya dirisha. Ukiona madoa meusi, ya kijani au meupe kama unga, na pua ikakutana na ile harufu ya nguo zilizokosa jua, tafakari ya leo ni yako. Ni yangu pia, na nitaanza kwa kukiri.

Hapa Bagara, mjini Babati, nina nyumba yenye vyumba vya kupangisha. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliungana na masika ya 2024, na mpangaji mmoja alipohama nilikuta ukuta wa nyuma ya kitanda umeota kuvu, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Nilijua ni nini. Niliufuta kwa kitambaa, nikanunua ndoo ya rangi, nikapiga mikono miwili. Chumba kikapendeza. Wiki ileile akaja mama kijana na mtoto wake wa miaka mitatu, akakisifu, akalipa kodi ya miezi mitatu. Sikumwambia kitu.

Kabla kodi haijaisha alinigongea mlango. “Shikamoo baba. Samahani kwa usumbufu, ule ukuta umeanza kutoa madoa. Na mtoto hanipi usingizi kwa kukohoa.”

“Marahaba mwanangu. Labda unaanika nguo ndani?”

“Naanika nje, baba. Rangi yenyewe inabanduka.”

Unaona nilivyofanya? Kosa langu nikamtwisha yeye. Aliniambia kwamba alipompeleka mtoto zahanati, mtabibu alimuuliza wanalala wapi, na chumba kikoje. Nilirudi ndani nikakaa kitako. Siku zile nilikuwa nasoma kitabu cha Walawi, kile ambacho wengi wetu tunakiruka, na asubuhi iliyofuata nikafika sura ya 14, kuanzia mstari wa 33.

Mlango huo unahusu nyumba yenye pigo. Biblia inatumia jina lilelile la ukoma wa mwili na wa nguo, lakini wafafanuzi wengi wanaona kwamba kinachoelezwa ukutani ni kuvu: madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani kuliko uso wa ukuta. Angalia jinsi sheria ile inavyoanza. Haianzi na kuhani kukagua nyumba za watu. Inaanza na mwenye nyumba kwenda mwenyewe na kusema: naona kitu kama pigo nyumbani kwangu. Kisha kuhani anaagiza vyombo vitolewe kabla hajaingia, ili mali ya watu isihesabiwe najisi pamoja na nyumba. Nyumba inafungwa siku saba, halafu inakaguliwa tena. Pigo likiwa limeenea, mawe yenye ugonjwa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, lipu ya ndani inakwanguliwa, mawe mengine na lipu nyingine vinawekwa. Likirudi tena baada ya hayo, nyumba inabomolewa. Lisiporudi, nyumba inatakaswa na watu wanarudi.

Hakuna mahali kuhani anaposema: ipake rangi.

Sasa tuelewe adui yetu. Kuvu ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho na zinaelea hewani kila mahali, hata nyumba iwe safi namna gani. Huwezi kuzimaliza. Unachoweza kuzinyima ni maji. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu halipati nafasi. Kikiachwa na unyevu zaidi ya hapo, linaanza kula: lipu, mbao, karatasi ya jipsam, kitambaa, vumbi.

Maji hayo huingia nyumbani kwa njia tatu. Ya kwanza ni juu: bati lililotoboka, msumari uliolegea. Ya pili ni chini: msingi uliojengwa bila kizuizi cha unyevu kati ya mawe na tofali, hivyo ukuta unanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Ya tatu ni sisi wenyewe. Babati iko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai tunafunga kila dirisha. Watu wanne wakilala chumba kimoja, pumzi zao ni maji. Sufuria ikichemka humo ni maji mengine. Mvuke ukigusa ukuta wa baridi unageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho. Nyuma ya kabati, ambako hewa haipiti, jasho hilo halikauki.

Je, ni jambo la kupoteza Jumapili? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, likieleza kwamba wakaaji wa nyumba za namna hiyo wako katika hatari zaidi ya maradhi ya njia ya hewa na pumu. Na huko Rochdale, Uingereza, mwezi Desemba 2020, alifariki mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak. Wazazi wake walikuwa wametoka Sudan. Baba yake alilalamika kuhusu kuvu tangu 2017, na ushauri aliopewa ulikuwa apake rangi juu yake. Mwaka 2022 uchunguzi wa mahakama ulithibitisha kuwa mtoto huyo alikufa kwa sababu ya kuvuta hewa ya kuvu kwa muda mrefu katika nyumba ya kupanga. Mwaka uliofuata Bunge lao lilipitisha sheria, ikapewa jina la Awaab, ya kuwalazimisha wenye nyumba za kijamii kushughulikia hatari kama hizo kwa muda maalumu.

Niliposoma habari ile niliona ndoo yangu ya rangi.

Basi nikafanya kama Walawi. Nilimwambia yule mama ukweli wote, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Alinyamaza, kisha akasema, “Ungeniambia tu, baba.” Nilimhamishia chumba kingine kilichokuwa wazi, bila kodi mpaka kazi iishe. Kisha nikaita fundi, na kabla ya kugusa ukuta tukatafuta maji. Tuliyakuta nje. Udongo wa bustani ya maua ulikuwa umerundikana juu ya msingi hadi kwenye tofali, na mfereji wa bati ulimwaga maji yote palepale. Tuliondoa udongo, tukasogeza mfereji, tukachimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Ndipo tukakwangua lipu hadi tofali lionekane. Siku saba hazikutosha. Ukuta ulichukua zaidi ya mwezi kukauka. Mwisho tukapiga lipu mpya na kupaka chokaa, ambayo inaruhusu ukuta kupumua na kuvu haliipendi.

Doa lako likiwa dogo, chini ya mita moja ya mraba, unaweza kulisafisha mwenyewe. Watoe watoto na wagonjwa wa pumu, fungua madirisha, vaa barakoa na glavu. Usikwangue likiwa kavu, maana mbegu zitaruka nyumba nzima. Lilowanishe, lisugue kwa brashi, maji ya moto na sabuni, futa, kausha kabisa. Dawa ya kung'arisha nguo inaweza kutumika ikiwa imechanganywa na maji peke yake. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Jipsam, zulia au godoro lililopenywa na kuvu halisafishiki. Litoe nje ya nyumba kama yale mawe. Doa likiwa kubwa kuliko hapo, au likirudi, tafuta fundi na mtafute maji yanatoka wapi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta. Fungua dirisha kila asubuhi hata kukiwa na baridi. Usizibe yale matundu ya hewa ya juu kwa magazeti. Anika nguo na magodoro juani. Kagua bati kabla ya vuli.

Kuna kuvu lingine ambalo sisi watu wa Manyara hatuna ruhusa ya kulisahau, nalo liko kwenye gunia. Wengi tunahifadhi mahindi chumbani, yameegemea ukuta uleule wenye unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwamo watoto. Mwaka 2004, jirani zetu Kenya walipoteza watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo hushambulia ini, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyoota kuvu usiyasage, usiyafanye pombe, usimpe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, utikise, uache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji.

Mpendwa msomaji, Mungu aliyeweka sheria ya kuta ni yeye aliyemtuma nabii Ezekieli, sura ya 13, kuwakemea manabii waliopaka chokaa ukuta dhaifu uliojengwa na watu. Mvua ilipokuja, ukuta ulianguka na chokaa yake. Bwana Yesu naye, katika Mathayo 23, aliwafananisha viongozi wa dini na makaburi yaliyopakwa chokaa. Chokaa yenyewe haina kosa, mimi nimeipaka. Kosa ni kuipaka mahali pa kukiri.

Mimi ni mzee wa kanisa. Naijua rangi hiyo. Tunaipaka juu ya ndoa ambayo watu wawili hawajazungumza tangu Pasaka. Tunaipaka juu ya hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Tunaipaka juu ya mtoto aliyetuambia jambo kuhusu ndugu fulani, tukamwambia anyamaze kulinda jina la familia. Kwa muda chumba kinapendeza. Lakini kuna mtu mdogo amelala ndani, anavuta hewa yake, na ndiye anayekohoa kwa niaba yetu.

Habari njema ni kwamba kitu kinachoua kuvu ni kilekile Mungu anachotupa bure: mwanga na hewa. Kitubio ni kufungua dirisha. Na Walawi 14 haiishii kwenye kubomoa. Inaishia na nyumba iliyotakaswa.

Yule mama amerudi chumbani kwake. Mtoto bado ana dawa yake ya pumu, na sina hakika ni kiasi gani cha kikohozi chake ni deni langu. Ninachojua ni kwamba kila mwanzo wa mwezi ananiita niingie niuone ukuta, nami naweka kiganja juu yake. Mpaka leo ni mkavu.

Leo ukitoka ibadani, sogeza kabati. Kama wewe ni mwenye nyumba, nenda ukaulize wapangaji wako kabla hawajakugongea.

Tuombe. Ee Bwana, tupe ujasiri wa kusema naona pigo nyumbani kwangu, kabla mtoto hajalisema kwa kikohozi. Amina. Jumapili njema.