Nzige Mmoja, Nzi Weupe Wengi

Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya, na mwezi Februari 2020 yakavuka hadi Karamoja nchini Uganda. Serikali ya Uganda iliwatoa askari wa jeshi kwenda kuwanyunyizia dawa kwa mabomba ya mgongoni. Adui huyo alionekana kwa macho, na kila mtu alimjua kwa jina.

Adui mwingine alikuwa ametangulia miaka mingi, wala hakupigiwa king'ora. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, batobato kali iliteketeza mashamba ya muhogo ya Uganda. Katikati ya miaka ya 1990 ikafika magharibi ya Kenya, na mwishoni mwa muongo huo ikabainika mkoani Kagera. Mwenezaji wake ni nzi mweupe, mdudu wa milimita moja hivi, ambaye mkulima humwona pale tu anapotikisa majani.

Wadudu hao wote wawili hula mimea. Hata hivyo, nzige wa jangwani ni spishi moja tangu Mauritania hadi India, ilhali nzi mweupe, aliyepewa jina la kitaalamu 1889 kutokana na tumbaku ya Ugiriki, leo huhesabiwa kuwa spishi zaidi ya 30, na jicho haliwezi kuzitofautisha.

Sehemu kubwa ya sababu imo katika ukubwa wa mwili. Nzige aliyekomaa ana uzito wa gramu 2 hivi, hubeba akiba ya mafuta mwilini, na kundi lake laweza kusafiri hadi kilomita 150 kwa siku. Wa Yemeni hukutana na wa Somalia wakazaana, na tofauti yoyote inayoanza kuchipuka kati yao hufutika. Mtoto wa nzi mweupe, kinyume chake, akianguliwa hutambaa kidogo tu chini ya jani, huchoma mdomo wake, na kubaki papo hapo mpaka anapopata mabawa. Jani moja ni nchi yake nzima. Akikomaa huoana na wenzake juu ya mmea ule ule, hivyo anayechagua chakula amekwisha kuchagua na mchumba. Waliozoea utomvu wa muhogo hutengana na waliozoea mimea mingine shambani, bila mlima wala mto kati yao.

Utengano huo hupimika. Jike asiyerutubishwa hutaga mayai yanayotoa madume peke yake. Kwa hiyo wataalamu wakiweka pamoja nzi wa aina mbili wakapata madume matupu, hujua kwamba hawakuzaana.

Udogo peke yake hauelezi yote. Iko spishi moja ya nzi hao, yenye asili ya Mashariki ya Kati, ambayo hula mamia ya mimea na imeenea duniani kwa biashara ya maua. Huyo udogo haukumfunga, ulimficha. Na baadhi ya spishi huvumilia dawa zinazoua nyingine, hivyo kumkosea mdudu jina ni kupoteza dawa.

Askari wa mpakani Mutukula akikuta mzigo wa pingili za muhogo zisizo na majani, hatamwona nzi hata mmoja. Virusi vya batobato vyaweza kuwa ndani ya pingili hizo, na ng'ambo wako nzi weupe wa kuvieneza.