Tonado: Mahali Zitokeapo na Majira Yake

Mara kwa mara redio hutangaza ya kwamba upepo mkali uitwao tonado umebomoa mji katika Marekani, na msomaji hujiuliza upepo huo ni wa namna gani, na kwa nini hauzuru Kisumu au Machakos kama uzuruvyo Oklahoma. Swali hili si la udadisi mtupu. Siku hizi wako Wakenya wengi waishio Texas, Kansas na majimbo mengine ya huko, na mzazi aliyebaki nyumbani ana haki ya kujua ni miezi gani ya kumwuliza mwanawe habari za mawingu.

Kwanza yafaa tutenge vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kile kisulisuli kinachoinua vumbi na majani makavu wakati wa adhuhuri, ambacho wazee wengi husema ni pepo apitaye, huzaliwa na joto la ardhi, wala hakihitaji wingu lolote. Kimbunga ni kitu kingine kabisa: huanza baharini, upana wake huwa mamia ya maili, nacho huweza kudumu siku nyingi. Vimbunga vya namna hiyo ndivyo vilivyopiga Unguja mwaka 1872, Lindi mwaka 1952 na Beira mwaka 2019. Tonado huning'inia kutoka katika wingu zito la radi mpaka ardhini, kama mkonga wa tembo ushukao kutafuta maji. Upana wake kwa kawaida hauzidi yadi mia chache, na nyingi huisha kabla ya dakika kumi kupita. Lakini katika zile kali kabisa upepo waweza kwenda kasi ya maili zaidi ya 200 kwa saa, ukaifagia nyumba hata ukabaki msingi mtupu, na nyumba ya jirani isipotelewe hata na kigae kimoja.

Nchi iliyo na tonado nyingi kuliko zote duniani ni Marekani, yapata 1,200 kila mwaka. Sababu ni umbo la nchi yenyewe. Kusini kuna Ghuba ya Mexico, ambayo maji yake ni ya uvuguvugu. Kutoka huko hewa yenye joto na unyevu hutambaa chini chini kuelekea kaskazini. Magharibi kuna Milima ya Rocky na nyanda kame, na kutoka huko huja hewa kavu ipitayo juu ya ile yenye unyevu. Kaskazini ni Canada na baridi yake, wala hakuna safu ya milima iliyolala toka mashariki hata magharibi ya kuzuia hewa hizi zisikutane. Zikutanapo, ile ya joto hupanda kwa nguvu kama moshi wa tanuri, ikafanya mawingu ya radi ya kimo cha maili nane au zaidi.

Hata hivyo mawingu ya radi peke yake hayatoshi, maana sisi tunayo tele. Wakulima wa Kericho na Nandi wajua jinsi mvua ya mawe iharibuvyo majani ya chai. Kinachokosekana kwetu ni upepo wa juu. Msomaji na achukue kijiti, akilaze kati ya viganja vyake, kisha ausukume mkono wa juu mbele huku ule wa chini umetulia. Kijiti kitaviringika. Ndivyo ifanyavyo hewa pale upepo wa juu uendapo mbio kuliko wa chini: huviringika ikiwa imelala. Kisha hewa ya joto ipandayo huiinua ikasimama wima, na wingu zima huanza kuzunguka. Mengi ya mawingu hayo huzunguka tu yasizae kitu. Machache ndiyo yashushayo mkonga.

Karibu na Ikweta pepo za juu na za chini hazipitani sana kwa kasi, wala baridi ya ncha za dunia haitufikii. Kwa hiyo ngurumo zetu huleta mawe na umeme, lakini ni nadra sana kuzaa tonado kubwa. Wavuvi wa Ziwa Victoria huona mkonga wa maji ukisimama juu ya ziwa, na mwenye mtumbwi hufanya vema kuukimbia. Lakini wengi wa mikonga hiyo hunyong'onyea mara ufikapo nchi kavu.

Katika Marekani tonado huyafuata majira kama mchungaji afuatavyo malisho. Mwanzoni mwa mwaka huonekana zaidi katika majimbo yaliyo karibu na Ghuba. Mwezi wa Mei na mwanzo wa Juni huzidi katika nyanda za Texas, Oklahoma na Kansas. Juni na Julai huhamia Nebraska, Dakota na Minnesota, kwa kuwa ukanda wa pepo kali za juu nao husogea kaskazini. Mei ndio mwezi wa nyingi kuliko yote. Saa zake ni kutoka saa kumi za jioni hata saa tatu za usiku, ardhi ikiisha kupata joto la mchana.

Lakini mtu asiishike kalenda hii kama sheria. Katika majimbo ya kusini mashariki, kama vile Alabama, Mississippi na Tennessee, huja pia mwezi wa Novemba, na mara nyingi usiku. Huko misitu na vilima huificha isionekane, watu wamelala, na wengi hukaa katika nyumba nyepesi za kukokotwa na gari. Tarehe 27 Aprili 2011 watu zaidi ya 200 walikufa katika Alabama peke yake. Mji wa Mayfield katika Kentucky ulipigwa usiku wa tarehe 10 Desemba 2021, mwezi ambao wengi hawaudhanii, na tonado hiyo iliua watu zaidi ya 50.

Wala si Marekani tu. Bangladesh huzipata kuanzia Machi hata Mei, kabla ya mvua za masika yao. Ile ya tarehe 26 Aprili 1989 iliua watu wapatao 1,300, nayo yahesabiwa kuwa mbaya kuliko zote zijulikanazo. Katika bara letu Afrika Kusini ndiyo iliyo nazo zaidi, hasa Novemba hata Januari, wakati wa kiangazi chao. Tarehe 15 Desemba 1998 tonado ilipita katika mji wa Umtata, na Rais Nelson Mandela alikuwa ndani ya duka la dawa saa hiyo hiyo. Walinzi wake walimlalia, akatoka salama.

Kwa miaka mingi ofisi ya hali ya hewa ya Marekani ilikataza neno tonado lisitajwe katika matangazo, kwa kuogopa kutia watu kiwewe. Mwezi wa Machi 1948 kambi ya ndege ya Tinker katika Oklahoma ilipigwa tarehe 20. Siku tano baadaye Meja Fawbush na Kapteni Miller waliona hali ile ile ya hewa ikirudi, wakaonya. Na jioni hiyo kambi ikapigwa tena, lakini ndege nyingi zilikuwa zimekwisha kuwekwa mahali pa salama. Sasa kuna matangazo ya namna mbili. La kwanza husema ya kwamba hewa ya siku hiyo yaweza kuzaa tonado. La pili husema kwamba imeonekana, au mzunguko wake umegunduliwa na rada. Basi hapo mtu ana kama dakika kumi tu, na pengine hana hata hizo. Yampasa kushuka chumba cha chini ya ardhi, au, kama hakuna, aingie chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha, ajifunike kichwa. Chini ya daraja la barabara si mahali pa kujificha, kwani upepo hubanwa hapo ukazidi kasi.