Oili ya Injini Wakati wa Kipupwe: Mwongozo kwa Wenye Magari ya Spoti wa Kilosa na Mikumi

Kati ya mwezi Juni na Agosti, upepo wa kipupwe unaposhuka kutoka safu za milima ya Rubeho na Ukaguru, alfajiri za Kilosa na Mikumi huwa na ubaridi usiozoeleka miezi mingine. Joto la hewa hushuka hadi karibu nyuzi 15 au 16 za Selsiasi kabla ya jua kuchomoza. Kwa mwenye gari la kawaida la kwenda sokoni, hali hiyo huenda isimshughulishe. Kwa mwenye gari la spoti, yaani gari ambalo injini yake imeundwa kuzunguka kwa kasi kubwa au kusaidiwa na tabo, saa hiyo ya alfajiri ndiyo inayoamua umri wa injini.

Magari ya namna hii yameongezeka katika wilaya zetu. Mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani: Toyota Altezza, Subaru Impreza zenye tabo, na mengineyo. Bei ya kulinunua huweza kuwa nafuu, lakini gharama ya kufufua injini iliyokufa mara nyingi hukaribia thamani ya gari zima. Makala haya yanakusudia kumwezesha mlaji kuielewa oili anayoinunua, kuitunza katika joto lake stahiki, na kudai haki yake pale anapouziwa isiyofaa.

Kwa nini oili baridi ni hatari?

Oili hutenganisha vyuma vinavyosuguana. Ili ifanye kazi hiyo haina budi kufika mahali panapohusika, na kufika kwake hutegemea mnato, yaani uzito wa mtiririko wake. Mnato hubadilika mno kufuatana na joto. Oili ya kawaida ya daraja la 15W-40 huwa na mnato wa takriban sentistoksi 14 hadi 15 inapofikia nyuzi 100, ambalo ndilo joto la injini iliyo kazini. Kwa nyuzi 40, mnato huo hupanda hadi takriban 105 au 110. Katika alfajiri ya nyuzi 16 hukaribia 400. Kwa maneno mengine, oili ile ile ni nzito zaidi ya mara 25 unapowasha gari kuliko inapokuwa imepata moto.

Uzito huo una athari tatu. Kwanza, oili huchelewa kufika kwenye sehemu za juu za injini na kwenye tabo. Pili, shinikizo la oili hupanda kiasi cha kufungua vali ya usalama, na sehemu ya oili hurudishwa nyuma bila kufika kwenye beringi. Kwa hiyo geji ya shinikizo inayosoma juu asubuhi si dalili kwamba injini inalindwa vema. Tatu, oili nzito hushindwa kupenya karatasi ya filta kwa haraka. Vali ya filta hufunguka, na oili hupita bila kuchujwa.

Dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu katika hali hiyo huidai injini kazi ambayo oili bado haijawa tayari kuisaidia. Injini ya Altezza ya lita 2 yenye gia za mkono, kwa mfano, hutoa nguvu zake za juu ikikaribia mizunguko 7,600 kwa dakika. Kuifikisha huko dakika mbili baada ya kuiwasha ni kuisaga.

Geji ya maji si geji ya oili

Magari mengi huonyesha joto la maji ya rejeta peke yake. Maji hupata moto mapema, pengine ndani ya dakika tano. Oili huchukua muda mara mbili au tatu ya huo. Mshale wa maji ukiwa katikati, oili yaweza kuwa bado iko nyuzi 50. Joto linalofaa kwa oili ya injini nyingi ni kati ya nyuzi 90 na 110. Chini ya hapo kwa muda mrefu, mvuke wa maji na masalia ya petroli hayaondoki, bali hujikusanya ndani ya oili na kuigeuza kuwa tope. Ukifungua mfuniko wa kumiminia oili na kukuta utando mweupe kama krimu, mara nyingi hiyo ni dalili ya injini isiyopata moto wa kutosha, ingawa yaweza pia kuashiria maji ya rejeta kuvujia ndani. Mwambie fundi apime kabla hujaendelea na safari. Joto likizidi nyuzi 130, hasa kwa oili isiyo ya sintetiki, oili huchakaa upesi na kupoteza nguvu ya kulinda.

Namna ya kuipasha moto injini

Haifai kuliacha gari likinguruma uani kwa robo saa. Injini isiyobeba mzigo hupata moto polepole, na wakati huo petroli isiyoungua huteremka kwenye oili. Utaratibu ufuatao ndio unaoshauriwa:

1. Washa injini, usikanyage mafuta, subiri kati ya nusu dakika na dakika moja.
2. Ondoka kwa upole. Kwa kilomita 10 hadi 15 za kwanza usivuke mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Kwenye gari lenye tabo, usiiache tabo ijaze upepo.
3. Usiongeze mwendo kwa sababu tu mshale wa maji umetulia. Ongeza muda mwingine kama huo.
4. Baada ya mwendo mkali au mlima mrefu, endesha taratibu kilomita chache za mwisho kabla ya kuzima. Tabo iliyozimwa ikiwa na moto mkali huunguza oili iliyobaki ndani yake.

Msafiri anayetoka mji wa Mikumi kuelekea Morogoro ana bahati ambayo wengi hawaitambui. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na alama za barabarani zinamtaka apunguze mwendo kwa ajili ya wanyama. Alfajiri ndio wakati swala, nyati na tembo huvuka. Mwendo unaowalinda wanyama hao na abiria wako ndio huo huo unaoipa oili muda wa kupata moto. Anayetoka Kilosa kupitia Ulaya naye atumie sehemu ya mwanzo ya barabara kwa shabaha hiyo hiyo.

Anayeelekea Iringa ana mtihani wa aina nyingine. Ataondoka Mikumi kwenye ubaridi, atapita bonde la Ruaha Mbuyuni lenye joto, kisha ataupanda mlima Kitonga injini ikiwa na mzigo mzito. Katika safari moja oili hupambana na baridi na moto. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama oili ni nyepesi au nzito. Yapasa kujua inavyofanya kazi katika hali zote mbili.

Namba za kwenye kopo zina maana gani?

Namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha tabia ya oili kwenye baridi. Vipimo vyake vimewekwa kwa nchi zenye barafu: daraja la 5W hupimwa kwa nyuzi 30 na 35 chini ya sifuri, la 15W kwa nyuzi 20 na 25 chini ya sifuri. Hiyo ni baridi ya bara la Ulaya, si ya kijiji chetu cha Ulaya. Kwa hiyo daraja lolote kati ya hayo litaruhusu gari kuwaka Kilosa. Hata hivyo oili ya 5W-30 katika nyuzi 16 huwa na mnato karibu nusu ya ule wa 15W-40, hivyo hufika inakotakiwa mapema zaidi.

Namba ya pili huonyesha mnato wa oili ikiwa na moto. Hiyo ifuate kitabu cha mtengenezaji. Mlaji asikubali kubadilishiwa kuwa 20W-50 kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini nyingi za kisasa huendesha mitambo ya kurekebisha vali kwa kutumia shinikizo la oili, na oili nzito kupita kiasi huivuruga. Ikiwa kitabu kimeandikwa Kijapani, tazama maandishi kwenye mfuniko wa oili au kibandiko kilicho ndani ya boneti.

Angalia pia herufi za ubora za API. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya. Kiwango cha SF hakifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Cha SG, baada ya 1993. Altezza ilianza kuuzwa mwaka 1998. Kuitilia oili ya SF kwa kuwa ni ya bei ya chini ni hasara iliyoahirishwa.

Themostati na kipoza oili

Themostati ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Baadhi ya mafundi huwashauri wateja waitoe, wakidai kwamba hapa hakuna baridi. Ushauri huo una madhara. Bila themostati, injini ya alfajiri huchelewa mno kupata joto, hula petroli zaidi, na oili yake hubaki baridi na chafu. Gari likichemsha, dawa ni kutafuta chanzo: rejeta iliyoziba, feni iliyokufa, pampu ya maji au kifuniko kibovu. Themostati iliyoharibika ibadilishwe kwa nyingine, isitolewe.

Kadhalika anayeongeza kipoza oili kwa ajili ya milima achague chenye themostati yake, inayofungua oili inapokaribia nyuzi 80. Kisicho nayo huipoza oili hata asubuhi isiyohitaji kupozwa. Na anayeziba rejeta kwa boksi ili gari lipate moto haraka nyanda za juu akumbuke kwamba akiteremka Kitonga na boksi lile, atachemsha bondeni.

Unaponunua

Nunua kopo lililofungwa, lenye lakiri isiyoguswa, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na alama ya ubora. Kopo lifunguliwe mbele yako. Epuka oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na maelezo. Dai risiti yenye aina na daraja la oili, na umwombe fundi aandike kazi aliyofanya. Kopo tupu litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa tena na kuuzwa kwa mwenzako. Ukiwa na shaka, hifadhi kopo pamoja na oili iliyobaki. Huo ni ushahidi.

Anza kwa kumlalamikia muuzaji, ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, masuala ya ubora yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Upungufu wa ujazo, Wakala wa Vipimo. Bidhaa bandia na maelezo ya kupotosha, Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara. Taarifa yako humsaidia pia mnunuzi atakayefuata katika duka hilo hilo.