Grisi Inapokataa Kuingia

Katika karakana nyingi za matrekta, malori na mitambo ya kuchimbia, hutokea jambo ambalo mafundi wamelizoea hata hawalihesabu tena kuwa ni tatizo. Fundi hushindilia mdomo wa bomba la grisi juu ya chuchu, akauvuta mkono wa bomba mara sita au saba, na grisi ikafurika pembeni kama uji unaomwagika chunguni. Huifuta kwa kitambaa, akaiendea chuchu nyingine. Katika daftari la matengenezo huandikwa kwamba mtambo umetiwa grisi. Kumbe ndani ya beringi haikuingia hata chembe, na baada ya majuma machache pini huanza kulika, chuma kikisaga chuma.

Lawama aghalabu hutupiwa grisi yenyewe, ama bomba zima hutupwa na jipya likaagizwa. Lakini mara nyingi hitilafu imo katika kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole: ule mdomo ulioko mwishoni mwa bomba, ambao kazi yake ni kuikamata chuchu barabara ili grisi isipate njia nyingine ila ya kuingia ndani.

Chuchu ya kawaida ina kichwa cha mviringo chenye upana unaokaribia milimita 6.5, na ndani yake mna gololi ndogo inayosukumwa na springi. Gololi hiyo huiruhusu grisi kuingia na kuizuia kurudi. Hapo kale beringi nyingi zilitegemea vikombe vya grisi vilivyokazwa kwa mkono; chuchu ya namna hii ilienea baada ya Oscar Zerk, mvumbuzi mzaliwa wa Vienna, kupewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1929. Ndani ya mdomo wa bomba, kwa upande wake, mna mataya matatu au manne, springi, na mpira wa kuzuia uvujaji. Grisi inapowasili kwa nguvu huusukuma mpira ule mbele hadi ukaibana chuchu, na papo hapo huyafanya mataya yakaze. Kwa hiyo kadiri kanieneo ya grisi inavyopanda, ndivyo mdomo unavyozidi kushika. Fundi anayeuegemea kwa uzito wa mwili wake wote hausaidii kitu. Mdomo ulio mzima hujishikilia wenyewe.

Sifa hiyo hiyo ndiyo huleta taabu ya kunasa. Kazi ikishakwisha, grisi iliyobanwa kati ya bomba na gololi ya chuchu huendelea kuyakaza mataya, na mdomo hukataa kutoka. Kuuvuta moja kwa moja ni kuharibu mataya au kuikata chuchu. Yafaa uinamishwe pembeni taratibu hadi taya moja liachie. Ukikaidi, hesi inayouunganisha mdomo na paipu yake hulegezwa kidogo kwa spana, uso na mikono ikiwa mbali na kiungo hicho, ili grisi iliyobanwa ipungue polepole.

Ama grisi ikivuja pembeni, pasiwe na ubashiri. Kwanza mdomo ufunguliwe kutoka kwenye paipu na bomba lipigwe hivyo hivyo. Grisi isipotoka, hitilafu imo ndani ya bomba, na mara nyingi ni hewa iliyonaswa kwenye grisi. Ikitoka vizuri, mdomo urudishwe na ujaribiwe juu ya chuchu mpya iliyokazwa katika kipande cha chuma chenye tundu lisilopenya upande wa pili. Karakana inayojali kazi yake haikosi kipande kama hicho mezani. Ukivuja hapo, mataya yamelika au mpira umechakaa. Usipovuja hapo ila ukavuja kwenye mtambo, basi ama chuchu ya mtambo imelika, ama njia ya grisi imeziba. Chuchu ifunguliwe na ipigwe grisi ikiwa nje: ikipitisha, kizuizi kimo katika beringi. Hapo hufaa kuuinua mtambo kwa jeki ili uzito uondoke juu ya pini, maana upande unaobeba mzigo hubana hata grisi ikakosa pa kupita. Kabla ya yote hayo, bila shaka, chuchu ifutwe. Mchanga ulioganda juu yake husukumwa ndani pamoja na grisi na kuimaliza beringi kuliko ukavu wenyewe.

Katika kuchagua mdomo mpya, la kuangaliwa kwanza ni chuchu, si bei. Mdomo wa kawaida watosha kwa chuchu nyingi za trekta na lori. Upo pia mdomo wa komeo, ambao mataya yake hufunguliwa kwa kubonyeza kishikio; huo haunasi, nao humwachia fundi mkono mmoja huru, lakini ni mnene na ni ghali zaidi. Kwa sababu ya unene huo haufai kwenye kiungo cha shafti inayoendesha mashine nyuma ya trekta, ambako chuchu imejificha katikati ya panda mbili za chuma. Huko hutakiwa mdomo mwembamba au kiwiko cha digrii 90. Mitambo mizito inayohitaji grisi nyingi huwa na chuchu bapa mfano wa kifungo, zenye upana wa milimita 16 au 22, na mdomo wake huingizwa kwa kutelezeshwa kutoka ubavuni.

Jambo moja huwaponyoka hata mafundi hodari, nalo ni hesi. Hesi ya Kimarekani ya inchi 1/8 ina nyuzi 27 kwa kila inchi; ile ya Kiingereza ya ukubwa huo huo wa jina ina nyuzi 28, tena pembe za nyuzi zao hazilingani. Kwa macho ni pacha. Moja huingia ndani ya nyingine mizunguko michache kisha ikakaza, na anayeilazimisha hudhani amefunga barabara. Anayekwenda dukani na aichukue paipu yake mkononi.

Sababu ya kutodharau uvujaji huo ni kubwa kuliko beringi. Tairi la gari dogo lina kanieneo ya bar 2 na kitu. Bomba la grisi la mkono laweza kupita bar 400. Grisi inayochirizika penye ufa kwa nguvu hiyo hupenya ngozi ya kidole kama sindano, hata glovu isiizuie. Alama yake ni kitundu kidogo, pengine kisicho na maumivu makali, na fundi huweza kuendelea na kazi hadi jioni huku grisi ikitambaa ndani ya kiganja na kuiua nyama. Wengi wamekatwa vidole kwa kuchelewa. Anayepatwa na jeraha hilo apelekwe saa ile ile hospitali yenye daktari wa upasuaji, na daktari aambiwe wazi kuwa ni grisi ya bomba iliyopenya, wala si mchomo wa kawaida.