Kuburuta na Kudondosha Picha za Miswada

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tendo ambalo mtafiti wa miswada hulifanya kila siku bila kulitafakari: kuishika picha kwa kipanya, kuipeleka upande wa pili wa kioo cha tarakilishi, na kuiachia ndani ya programu nyingine. Tendo hili tumezoea kuliita kuburuta na kudondosha. Maneno hayo yanaleta taswira ya mtu aburutaye gunia kutoka ghalani hadi uani: gunia ni lile lile, na nafaka iliyomo ni ile ile. Hoja yetu ni kwamba taswira hiyo haiafikiani na mambo yalivyo, na kwamba anayeiamini aweza kupotoka katika usomaji wa matini.

Yanayotendeka

Mtumiaji anapoanza kuburuta, picha haiondoki mahali pake. Programu itoayo hutayarisha tu orodha ya maumbo ambayo kwayo inaweza kuitoa picha ile: anwani ya faili katika diski, pikseli tupu zisizo na faili, au anwani ya picha hiyo katika intaneti. Kipanya kinapopita juu ya programu nyingine, programu hiyo huulizwa kama yaweza kupokea chochote kati ya vilivyoorodheshwa, na alama ya kipanya hubadilika kufuatana na jibu. Mtumiaji anapoinua kidole, ndipo programu ipokeayo huchagua umbo na kuomba data yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa jumla katika Windows, macOS na Linux, ijapokuwa majina na kanuni ndogo ndogo hutofautiana.

Basi, mwenye kuamua kitakachofika si mtumiaji, bali ni programu mbili zinazoafikiana bila yeye kujua. Kwa hakika, kitenzi kudondoa, yaani kuokota kimoja kimoja, kingelieleza tendo hili kwa usahihi zaidi kuliko kudondosha.

Yanayopotea

Likichaguliwa faili, hakuna kinachopungua: baiti zote zaweza kusomwa, pamoja na maelezo yaliyomo kama vile tarehe ya kupigwa picha na kamera iliyotumika. Zikichaguliwa pikseli, sura hufika lakini maelezo hayo hubaki nyuma. Ikichaguliwa anwani ya intaneti, hakifiki kitu ila njia ya kukiendea. Siku maktaba ikibadili anwani zake, mtafiti hubaki na kisanduku kitupu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kijipicha. Miswada mingi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ile iliyomo katika maktaba ya SOAS jijini London, siku hizi yaweza kusomwa kwa picha. Mara nyingi kinachoonekana kwanza kiooni ni kijipicha, na anayekiburuta huenda akapata hicho tu. Tuchukue mfano wa ukurasa wenye pikseli 3,000 kwa 4,000. Jumla yake ni pikseli 12,000,000. Kijipicha cha pikseli 300 kwa 400 kina pikseli 120,000 tu, yaani sehemu moja katika mia. Nukta ya wino iliyokuwa na upana wa pikseli 12 sasa ina upana wa pikseli 1 na kidogo, na nukta mbili zilizokaribiana hushikana.

Yafaa tukumbuke kwamba herufi be, te, the, nuni na ye, zikiwa katikati ya neno, huandikwa kwa jino la namna moja. Kinachozitenga ni nukta: be moja chini, te mbili juu, the tatu juu, nuni moja juu, ye mbili chini. Nukta mbili za te zikishikana, te husomeka nuni. Hivyo, pale mwandishi alipoandika irabu ya mwisho kwa wau, "kitu" chaweza kusomwa "kinu". Mizani haitamwokoa mhariri, kwa kuwa maneno yote mawili yana mizani mbili. Vina vingemwonya iwapo neno limekaa penye kina. Likiwa kwingineko, kosa litapita hadi katika toleo lililochapishwa, na wanafunzi watalirithi.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtafiti aifungue picha kamili, aihifadhi kama faili, na kuliburuta faili hilo; kisha alinganishe idadi ya pikseli kabla ya kuanza kusoma. Pili, asisome muswada kutoka katika picha iliyotiwa ndani ya makala anayoyaandika, kwa maana baadhi ya programu za kuandikia hupunguza picha zinapohifadhi. Tatu, wanaotunga programu za wasomi wahakikishe kwamba programu ipokeayo hutafuta faili kwanza, pikseli baadaye, na anwani ya intaneti mwisho, na kwamba humwambia mtumiaji waziwazi ni kipi kilichopokewa.

Zamani mhariri alipaswa kujua nakala yake ilinakiliwa na nani na kutoka wapi. Wajibu huo haujaondoka; sasa mnakili mmojawapo ni tarakilishi yake mwenyewe.