Magoti ya Upareni

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kutembea kwa haraka, au kazi ya mfano huo. Karani wa Same mjini, ashindaye kitini mchana kutwa, na autii ushauri huo. Lakini mama wa Mamba Miamba, ateremkaye kutoka shambani na mzigo wa tangawizi kichwani, mazoezi anayo tele; asilo nalo ni nafuu.

Wengi hudhani kwamba kupanda mlima ndiko kubaya. Kupanda huchosha pumzi; kuteremka ndiko kuumizako magoti, kwa kuwa katika kila hatua misuli ya paja huuzuia mwili pamoja na mzigo wake usiporomoke. Kwa hiyo twashauri mzigo ugawanywe mara mbili, hatua ziwe fupi, goti likunjwe kidogo, na fimbo iwe mkononi. Goti likivimba, mgonjwa aende zahanati, asikandwe kwa nguvu.

Na kwa kuwa tumeitaja fimbo, mara nyingi tumeiona mkononi mwa mume atanguliaye bila mzigo wo wote. Hatuoni heshima katika mwendo huo. Nusu ya tangawizi ile ni yake kuibeba.

Tena ziko njia zenyewe. Wapare wanao msaragambo, kazi ya pamoja waitumiayo tangu kale kusafisha mifereji na ndiva za maji. Kabla ya mvua za vuli, viongozi wa vijiji na wauitishe kwa ajili ya njia: ngazi zichimbwe penye utelezi, mawe yaliyolegea yaondolewe, na maji ya mvua yageuziwe kando.