Mkate wa ndizi: Kwa nini "ndizi tatu" za kitabuni haziokoi mkate Kampala

Chane ya ndizi iliyonunuliwa Kalerwe au Nakasero mwishoni mwa juma huanza kupata madoa meusi kabla juma jipya halijafika katikati. Watoto huzikataa, na nyingi huishia jaani. Hata hivyo, ndizi za namna hiyo ndizo zinazofaa zaidi kwa mkate wa ndizi, kwani kadiri ndizi inavyoiva ndivyo wanga wake unavyogeuka kuwa sukari na nyama yake kulainika.

Tatizo ni kwamba mapishi mengi ya mkate huu yametoka Marekani na Ulaya, nayo husema tu: "ndizi tatu". Mpishi wa Kampala hana budi kuuliza: ndizi zipi?

Ndizi gani, kiasi gani?

Ndizi ya maduka ya Ulaya kwa kawaida ni Cavendish. Inayoikaribia kwa ukubwa nchini Uganda ni bogoya, ambayo ni aina ya Gros Michel, ndizi iliyotawala biashara ya dunia hadi ugonjwa wa Panama ulipoiangusha katikati ya karne ya 20. Bogoya tatu zinatosha mkate mmoja. Ndizi ndogo, ziitwazo ndiizi kwa Kiganda, ni tamu na zenye ukali kidogo, lakini huenda zikahitajika saba au nane. Atakayetumia tatu atapata mkate mkavu usio na ladha.

Kwa hiyo, ndizi zipimwe baada ya kupondwa, zisihesabiwe. Kiasi kinachohitajika ni gramu 300, yaani kikombe kimoja na robo hivi.

Gonja lililoiva nalo hufaa, ila lina maji machache. Liongezewe vijiko viwili au vitatu vya maziwa. Matoke mabichi hayafai, kwa sababu bado yamejaa wanga.

Kanuni ya msingi

Kwa gramu 300 za ndizi zilizopondwa, chukua:
- unga wa ngano vikombe 2 (gramu 250)
- sukari nusu kikombe
- mafuta ya kupikia theluthi moja ya kikombe
- mayai 2
- magadi ya kuokea, yale meupe ya pakiti, kijiko kimoja cha chai
- chumvi nusu kijiko cha chai

Changanya ndizi, sukari, mafuta na mayai katika bakuli moja. Unga, magadi na chumvi katika jingine. Kisha unganisha vyote na ukoroge kwa uchache, hadi unga mkavu usionekane tena. Kukoroga sana hukaza unga wa ngano, na mkate huwa mgumu kama mpira.

Hamira haihitajiki. Asidi iliyomo katika ndizi hukutana na magadi na kutoa hewa inayouinua mkate. Kwa kuwa kazi hiyo huanza mara moja, rojo lisiachwe likangoja: limiminwe katika chombo kilichopakwa mafuta na liokwe katika nyuzijoto 175 kwa muda wa dakika 50 hadi 60. Mkate umeiva iwapo kijiti kilichochomwa katikati kinatoka bila rojo.

Kwa asiye na tanuri

Wanaojua mkate wa kumimina wanaifahamu njia hii: moto chini, moto juu. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa nzito, funika, na uipashe moto juu ya sigiri kwa dakika 15. Weka chombo cha rojo juu ya mchanga, funika tena, na utie makaa machache juu ya kifuniko. Moto uwe wa wastani. Ukizidi, chini huungua na katikati hubaki kubichi.

Kazi hii ifanyike nje au barazani, kamwe si katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, ambayo inaweza kuua.

Kubadilisha bila kuharibu

Ukishaipata kanuni ya msingi, badilisha jambo moja kwa kila mkate, ili ukiharibika ujue sababu.

Robo ya unga wa ngano inaweza kubadilishwa kwa unga wa muhogo, ambao kwa ndizi si mgeni: ndio utumikao katika kabalagala. Unga wa wimbi hutoa rangi nzito na ladha ya uji. Usizidishe, kwani unga huu hauna uwezo wa ngano wa kushikamana, na mkate utamomonyoka.

Karanga zilizokaangwa, simsim, nazi iliyokunwa, iliki au mdalasini havibadilishi umbo la mkate. Nusu kikombe cha karanga au kijiko kimoja cha chai cha viungo kinatosha. Ndizi zikiwa nyeusi kabisa, sukari ipunguzwe hadi robo kikombe.

Acha mkate upoe kabisa kabla ya kuufunika, la sivyo mvuke wake utaleta ukungu. Katika joto la Kampala hudumu siku mbili au tatu. Ambaye hana nafasi ya kuoka leo, amenye ndizi na kuzigandisha katika friza: zitasubiri, na jaa litakosa mgeni wake.